Kifurushi cha Mlezi

Subilaga Mwasomola alikwenda Mbeya kununua gari lenye lifti ya kiti cha magurudumu, na hakuwa na haja ya kitu kingine chochote. Alilisema hilo mara tu alipoingia kwenye ukumbi wa Kampuni ya Mwendo, hata kabla hajaketi. Alikuwa mtu wa miaka hamsini na kitu, afisa ugani aliyezunguka migomba ya watu wa Rungwe tangu ujana wake, na alishajua kwamba usipowahi kusema unachotaka, watu wa madukani watakusemea.

Muuzaji aliyempokea aliitwa Bwana Kisoka, mtu wa makamo, mpole, mwenye sauti ya mchungaji anayefariji wafiwa. Alimsikiliza mpaka mwisho, akamwagizia chai, kisha akamweleza kwamba lifti ipo, tena nzuri, inambeba mtu na kiti chake bila hata kumtikisa. Ila haiuzwi peke yake. Gari lenyewe, la aina ya Tandala, lilikuwa likiuzwa kwa vifurushi vitatu: cha Msingi, cha Faraja na cha Mlezi. Lifti ilikuwa kwenye cha Mlezi.

"Nipe cha Msingi, unifungie na lifti," alisema Subilaga.

"Haiwezekani, mama. Vimefungwa pamoja huko huko kiwandani."

Akauliza ndani ya hicho cha Mlezi kuna nini zaidi. Kisoka akamtajia viti vinavyomkanda mtu mgongo, paa la kioo linaloonyesha nyota hata mchana, manukato yanayobadilika kufuatana na hali ya hewa, na sauti ya gari inayoweza kuimba. Subilaga alisikiliza huku joto likimpanda shingoni. Alikuwa ameuza shamba lake la parachichi la Masoko, lile alilolipanda kwa mikono yake, na sasa alikuwa anaambiwa kwamba nusu ya miti ile imekwenda kwenye manukato.

"Nimekuja kununua chumvi, baba," alisema, "unataka nibebe na duka."

Kisoka alitabasamu kwa huzuni, kama mtu ambaye ameambiwa maneno hayo mara nyingi. Kisha akasema kuna jambo moja zaidi ambalo kwa sheria ni lazima alieleze kwa mdomo wake. Alivuta vikombe vya chai vilivyokuwa mezani, viwili akaviweka kwenye sahani, viwili akaviacha nje. Vya kwenye sahani, alisema, ni walio ndani ya gari. Hivi vingine ni walio barabarani. Ikitokea ajali isiyoepukika, gari lina muda mfupi kuliko kufumba jicho la kuamua liende wapi. Lenye kifurushi cha Msingi huhesabu vikombe vyote sawa, likatafuta njia yenye maumivu madogo kwa jumla. Lenye kifurushi cha Mlezi halifanyi hivyo. Hapo akaibonyeza sahani kwa kidole, ikalalia upande wake. Hiyo, alisema, inaitwa Kipaumbele cha Ndani.

Subilaga alivitazama vile vikombe vya nje. "Kwa hiyo litamgonga mtu ili lisiniumize mimi."

"Ni nadra sana, mama. Wateja wangu wote, sijasikia."

"Kinazimwa?"

"Kinazimwa, ndiyo. Lakini ukikizima, kifurushi chote kinalala. Na lifti inalala nacho."

Alitoka nje, akasimama kwenye baraza la lile duka akitazama magari yakipita yenyewe, wenye nayo wakisoma au wakisinzia. Alikuwa ameshajaribu njia nyingine. Alinunua gari kuukuu linalojiendesha, akampelekea Gwamaka, mchomeleaji wa pale Tukuyu, akamwekea ubao wa chuma wa kupandishia kiti. Kazi ilikuwa safi. Lakini gari lilipohisi chuma kisicho chake, lilikataa kuwaka, na lilikataa mpaka ubao ulipong'olewa. Magari ya usukani yalishapigwa marufuku barabara kuu. Mabasi yalisimama vituoni kwa muda wa mtu mwenye miguu miwili kupanda, yakaondoka.

Na nyumbani alikuwapo Ambakisye, mumewe, mwalimu wa jiografia, aliyeanguka kutoka kwenye mparachichi akikata matawi na kuvunjika uti wa mgongo. Hapo Mbeya kulikuwa na mashine ya kuamsha mishipa ya fahamu. Madaktari walisema akiihudhuria kila wiki bila kukosa, huenda akasimama. Akikosa, miguu itakakamaa ilivyo, na hapo hakuna mashine itakayoifungua.

Subilaga alirudi ndani. Idhini ilitolewa kwa sauti, mbele ya kidude kidogo mezani. Alitakiwa kutaja jina lake na kusema kwamba ameelewa na amekubali. Alisema. Kidude kikamwambia kwa adabu kwamba hakikusikia vizuri, arudie. Akarudia, kwa sauti ambayo watu wote mle ukumbini waliisikia.

*

Subilaga hakumwambia mumewe habari ya vile vikombe. Ambakisye alipomwuliza kwa nini gari linanuka karafuu, alimjibu kwamba ndivyo magari ya siku hizi yalivyo, wanakufungia na takataka zao. Hilo lilikuwa kweli, na kwa sababu lilikuwa kweli lilimtosha. Ambakisye alizicheka zile nyota za mchana, akasema kundi moja wamelichora kichwa chini na angekuwa darasani angewakata alama. Lakini lifti aliipenda. Mara ya kwanza ilipomshusha pale kwenye kituo cha mashine, bila vijana wa kumbeba mgongoni kama gunia la viazi, alimshika mkewe mkono mbele ya watu, jambo ambalo hakuwa na mazoea nalo.

Masika yakapita, kipupwe kikaja. Siku moja kidole gumba cha mguu wa kulia kilitikisika. Mhudumu wa mashine alimwita Subilaga aje aone, nacho kikatikisika tena mbele yake, na usiku ule walikula wali kwa kuku kama siku ya harusi. Subilaga akajiambia kwamba alifanya vyema. Hata vile vikombe vya Kisoka vilikuwa vimeanza kumtoka akilini.

Ajali ilitokea asubuhi, mvua ikinyesha, kwenye mteremko wa kuingia Kiwira, pale ambapo akina mama hupanga ndizi zao kando ya lami. Lori la magogo lilikuwa linapanda. Mnyororo ukakatika, gogo moja likadondoka na kujilaza katikati ya njia yao. Subilaga aliliona. Baadaye aliapa kwamba aliliona kwa utulivu, akajua kwamba watalivaa, na akanyoosha mkono kumkinga mumewe kifua, kama kwamba mkono wake ungefaa kitu.

Gari halikulivaa gogo. Lilikata kushoto, laini kabisa, likatoka kwenye lami, likapita juu ya vichane vya ndizi na juu ya turubai, na chini ya turubai alikuwapo mwanamke aliyekuwa ameinama kufunika mzigo wake usilowe. Likasimama. Ndani hakuna hata chupa ya maji iliyoanguka.

Kisha lile gari likasema, kwa ile sauti yake nzuri: "Kipaumbele cha Ndani kimetumika. Abiria wote wawili wako salama."

Ambakisye aligeuza kichwa polepole, akamtazama mkewe.

"Kimetumika nini?" aliuliza.

Subilaga alikuwa ameshafungua mlango. Alikimbia kwenye mvua, akaliinua turubai, na mwanamke aliyemkuta alikuwa anamfahamu. Alikuwa Tusekile, wa kitongoji cha juu ya mto, mama mwenye mtoto mchanga, ambaye ugonjwa wa mnyauko ulipoingia kwenye migomba yake ni Subilaga aliyemfundisha kung'oa na kuchoma. Alikuwa hai. Macho yalikuwa wazi. Alisema, kama mtu anayeomba radhi kwa kusumbua wageni, "Mama Afisa, siisikii miguu yangu."

*

Mkaguzi wa ajali aliyekuja kutoka Mbeya alikuwa mtu wa haki, na Subilaga alimchukia kwa haki yake. Alisoma kumbukumbu za gari, akawaeleza mambo yalivyokuwa. Gari lenye kifurushi cha Msingi lingefunga breki na kulipiga gogo. Abiria, kwa mikanda yao na mifuko ya hewa, pengine wangevunjika mbavu, mmoja pengine mkono. Kufa, hapana, labda kwa bahati mbaya sana. Lakini Tandala la Mlezi halikuagizwa kupima mbavu za wa ndani kwa uti wa mgongo wa wa nje. Liliagizwa wa ndani wasiguswe, na ndivyo lilivyofanya. Dereva hakuwapo wa kushtakiwa. Kampuni ilitoa ilichoahidi. Mwenye gari alitumia haki aliyopewa na sheria. Mwenye lori alitozwa faini ya mnyororo mbovu, na shauri likaishia hapo.

Kampuni ya Mwendo, kwa upande wake, ilituma ujumbe wa kumpa pole Subilaga kwa usumbufu alioupata, na kwa kuwa ni mteja mwaminifu ikamfungulia bure manukato ya aina mpya. Kesho yake gari lilinuka maua ya mchungwa. Subilaga alitafuta kwa mikono tundu la harufu ile ili alizibe kwa kitambaa, akashindwa kuliona.

Kwa siku kadhaa Ambakisye hakumwuliza kitu. Alisubiri mpaka jioni moja walipobaki wawili jikoni, mkewe akimenya viazi, ndipo alipomtaka amweleze yote, tangu dukani. Naye akamweleza. Alimweleza kuhusu vikombe na sahani, na kuhusu kidude kilichomtaka arudie. Hakujitetea, isipokuwa mwishoni, aliposema kwamba lifti hawakuiuza peke yake.

"Hilo nimelielewa," alisema Ambakisye. "Wao wamefunga mafundo mabaya. Lakini mimi hukuniambia, Mama Lusajo. Ulijua nitakataa."

"Nilijua."

"Basi sikia. Sipandi tena gari lile."

Subilaga alimwambia miguu itakakamaa. Mumewe alijibu kwamba anajua. Mkewe alimkumbusha kidole gumba. Hapo mwalimu aligeuza kiti chake, akamkabili.

"Umenunua mgongo wangu kwa mgongo wa mtu," alisema. "Na wangu wenyewe bado haujapona."

Hakupaza sauti, wala hakulirudia neno lile siku nyingine yoyote. Lakini hakupanda. Wiki ya kwanza Subilaga alidhani ni hasira, itapoa. Wiki zikafuatana. Mhudumu wa mashine alipiga simu mara kadhaa, kisha akaacha kupiga. Alasiri Ambakisye alikaa barazani na vitabu vyake vya ramani, na Subilaga, akimbadilisha soksi, aliona kidole kile kimelala kama vidole vingine. Alikikanda kila siku kwa mafuta ya parachichi. Hakikumjibu.

*

Mwishowe Subilaga aliamua kukizima kifurushi. Lifti ilikuwa haina wa kumpandisha tena, basi ilale, na kile kingine kilale nayo. Alitaka hata kama ni kwa kuchelewa lile gari lihesabu watu kama watu. Alikuwa ameshajifunga kitenge aende Mbeya, maana jambo hilo lilifanyika kule kule dukani alikotoa idhini, ndipo mtu alipobisha hodi. Alikuwa Syabumi, kaka yake Tusekile, ameshika kofia yake mkononi.

Subilaga alimkaribisha ndani. Alikuwa amekwenda hospitali mara nyingi kumtazama yule mama, akampelekea uji na nguo za mtoto, na kila mara Tusekile alimshukuru, na kila shukrani ilimchoma. Ndugu zake ndio ambao hawakuwahi kumsemesha. Sasa huyu alikuwa amekaa kwenye kiti cha sebuleni, akitazama sakafu, na aliposema alisema kwa ufupi. Dada yake ameruhusiwa, yuko nyumbani kwenye kiti. Ameambiwa kuna mashine Mbeya, kila wiki, bila kukosa. Mabasi hayamsubiri. Wamezunguka Tukuyu nzima kuulizia gari lenye lifti.

"Ni lako tu," alisema Syabumi. "Sikupenda kuja."

Subilaga alimwomba asubiri. Alikwenda barazani kwa mumewe, ambaye alikuwa amesikia kila neno kupitia dirishani. Alimwambia yalivyo: akizima anachotaka kuzima, yule mama hafiki kwenye mashine. Asipozima, gari litapita Kiwira kila wiki likiwa lile lile, mbele ya akina mama wale wale. Alimwomba amwambie la kufanya. Kwa miaka yote ya ndoa yao hakuwahi kumwomba hivyo.

Ambakisye alifunga kitabu chake. "Mpeleke," alisema. "Lakini usimfanyie ulivyonifanyia mimi. Mwambie kwanza kilichomo. Akikataa, akatae kwa kinywa chake."

"Na akikubali, wewe je? Si utapanda naye?"

"Mimi nilishajibu."

"Yeye akipanda si kosa, ukipanda wewe ni kosa?"

Mwalimu alikiweka kitabu pembeni. "Yeye ametolewa mgongo wake kwa nguvu," alisema. "Sina mdomo wa kumhukumu. Mgongo wangu nauhukumu mwenyewe."

*

Tusekile alikuwa uani kwake, kwenye kiti cha magurudumu cha hospitali chenye gurudumu moja bovu, mtoto amelala mapajani juu ya miguu isiyomhisi. Alikuwa amekonda. Aliamkia kwa heshima, naye Subilaga akaitikia, akavuta kigoda akaketi chini yake, ili wakitazamana yeye ndiye ainue uso.

Alimweleza. Alikuwa ameandaa maneno njiani, lakini yalipotoka yalitoka machache. Kwamba siku ile gari halikupotea njia wala halikuteleza. Kwamba lilimwona. Kwamba liliagizwa hivyo, na aliyelikubalia ni yeye, kwa sauti yake, kwa sababu alitaka lifti ya mumewe na lifti haikuja peke yake. Na kwamba agizo lile bado limo mpaka sasa, na likiondolewa lifti haitainuka.

Syabumi, aliyekuwa amesimama nyuma ya dada yake, aligeuka akaenda kusimama mbali, karibu na zizi.

Tusekile alimfunika mtoto vizuri, akamfukuza nzi usoni. Subilaga alingoja matusi, na alitamani yaje.

"Nikikaa mle ndani," hatimaye Tusekile aliuliza, "na mimi nahesabiwa?"

"Unahesabiwa."

"Kuliko wa nje."

"Kuliko wa nje."

Yule mama aliitazama migomba yake. Magugu yalikuwa yameifikia kiunoni, na vichipukizi ambavyo vilipaswa kupunguzwa vilikuwa vimesongamana kwenye kila shina. Alisema anataka kulima. Hakusema kwa Subilaga, alisema tu. Kisha akamwita kaka yake aje amchukue mtoto.

"Nipandishe," alimwambia Subilaga.

Lifti ilimwinua bila kumtikisa. Paa likafungua nyota zake za mchana, na Subilaga akaliambia gari lizifunge. Waliteremka taratibu mpaka barabara kuu, ndipo gari likashika mwendo wake. Tusekile alikuwa amekaa dirishani, mikono ameibana pajani.

Walipoanza kuteremka kuingia Kiwira, akina mama wa ndizi walikuwa mahali pao, turubai mpya, vichane vimepangwa. Mmoja aliliona gari, akalitambua, akapiga kelele ya onyo. Wote wakaacha mizigo yao pale pale, wakarudi nyuma mpaka ng'ambo ya mtaro, wakasimama wamekusanyika, wengine wamewavuta watoto nyuma ya kanga. Walikuwa wenzake. Tusekile aliinua mkono kwenye kioo. Kati yao mmoja alimwona, akafungua mdomo, lakini hakusogea kutoka alipokuwa.

"Liambie lipunguze mwendo," alisema Tusekile kwa sauti ndogo.

Subilaga aliliambia. Gari likajibu kwamba kuna chombo kinachowafuata kwa karibu nyuma, na kwamba kupunguza mwendo mahali hapa kutaongeza hatari kwa abiria.

Aliliambia tena. Likajibu vile vile, kwa upole ule ule, na likapita.